Eino Tuomikoski, Aliyepigania Mitikisiko ya Atomi

Marehemu Eino Tuomikoski alizaliwa Novemba 3, 1948, mjini Sudbury, Ontario, mtoto wa pekee wa Urho na Hilja. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, maji yalivuja ndani ya tanuru la kuyeyushia nikeli kazini kwa baba yake, likalipuka, na Urho akafa papo hapo pamoja na wenzake wawili. Tangu hapo Eino hakuwa mtoto wa kutaniwa.

Alisoma sekondari mjini hapo huku akicheza hoki ya barafu. Kocha alimpanga kwa ajili ya ngumi zake. Machi 1967 alimvunja taya Gaetan Quesnel, wa timu ya wenyeji wanaosema Kifaransa, damu ikatapakaa kwenye barafu. Mama yake, Hilja, alimwamuru aende kwao Gaetan kuomba radhi. Aliyefungua mlango ni Odile, dada yake Gaetan, na hakungoja salamu. Alimtwanga begani kwa beleshi la kuzolea theluji.

“Hiyo ni ya kaka yangu,” alimwambia. “Haya, ingia, supu inapoa.”

Gaetan, taya limefungwa nyaya, alikuwa akinywa yake kwa mrija. Eino na Odile walifunga ndoa Juni 12, 1971, Gaetan akiwa msimamizi wa bwana harusi. Walijaliwa binti, Mireille.

Eino alipata shahada ya uzamivu ya fizikia huko Toronto mwaka 1976, akarudi nyumbani kufundisha. Alitaka kujua kwa nini aloi, yaani metali zilizochanganywa, ikipashwa joto hubadili ghafla mpangilio wa atomi zake. Wengi walitazama tu jinsi atomi zinavyoshikana. Eino alisema wamesahau kwamba atomi hazitulii. Hutikisika, na joto likizidi, mpangilio unaoziruhusu kutikisika kwa ulegevu ndio unaoshinda. Mkutanoni Montreal, mwaka 1984, profesa mmoja alimcheka, akasema mitikisiko hiyo haina uzito wowote. Eino aliipindua meza, vikombe na vyote.

“Kapime kwanza, ndipo unicheke,” alisema.

Alikwenda kupima yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, kwa aloi za nikeli na titani. Hesabu zilizoacha mitikisiko zilikosea joto la badiliko kwa mamia ya nyuzi. Zake zilikaribia mno vipimo.

Septemba 1991 mrija wa kioo wenye zinki ulipasuka ndani ya tanuru la maabara. Kipande kilimtoboa Eino jicho la kushoto. Uso umejaa damu, alimburuta fundi wake, Rosaire Legault, kutoka motoni, lakini Rosaire alifariki hospitalini. Baada ya mazishi Eino alirudi akalivunja tanuru lile kwa nyundo.

Mwaka 2013 madaktari waligundua kwamba mapigo ya hoki yalikuwa yameharibu ubongo wake. Aliacha kumtambua Odile, na siku moja alimvunja kifundo cha mkono. Mireille alitaka baba yake apelekwe kwenye makao ya wagonjwa. Gaetan alikuja na sanduku la nguo zake, akahamia kwao.

“Mwanangu, mwacheni hapa hapa,” alimwambia Mireille. “Akipiga, anipige mimi. Nilishazoea.”

Eino alifariki nyumbani Februari 9, 2019, moyo ukisimama katikati ya mvutano na Gaetan, aliyekuwa akimzuia asipige. Gaetan aliendelea kumshika mikono muda mrefu baada ya mikono hiyo kulegea.

Ameacha mjane, Odile, binti, Mireille, mjukuu, Aksel, na shemeji yake, Gaetan. Familia haiwaombi mumkumbuke kama mtu mpole, kwa maana hakuwa. Inawaombeni mumwombee. Mungu ampe utulivu ambao sisi tulishindwa kumpa.