Papa Sévère, Mwenye Makomeo ya Kimanga

Tarehe 30 Septemba 1967, Bwana Sévère Kashindi, ambaye sote tunamwita Papa Sévère, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili akiwa kapita wa kambi ya nyumba za serikali hapa Kimanga, Uvira. Kapita ndiye anayeitwa paa likivuja, mfereji ukiziba na majirani wakishikana mashati. Miaka yote hiyo hakukosa kazini, isipokuwa wiki mbili alizosimamishwa kwa kosa la kulinda watu. Nitalieleza kosa hilo, maana biro yetu, ofisi inayogawa nyumba hizi, ingependa lisahauliwe.

Waliojenga kambi hii waliona vema milango yote ifunguliwe kwa ufunguo wa aina moja, ili mkaguzi wa usafi aingie anapotaka. Uhuru ulipofika mkaguzi alikwenda zake, ufunguo ukabaki. Papa Sévère naye alikuwa nao, na hakuutumia hata siku moja bila kupiga hodi, hata kwenye nyumba isiyo na mtu. Tulimcheka sana kwa hilo.

Mwaka 1962 nyumba ya mwisho upande wa ziwa alipewa Firmin, shemeji wa mkuu wa biro, ambaye hakuwa mfanyakazi wa serikali hata wa kufagia. Firmin aliuza bangi mchana kweupe. Vijana waliovuta walitaka kuvuta tena, na ule ufunguo ukaanza kuzunguka mikononi mwao. Sufuria zikaenda, baiskeli zikaenda. Jumapili moja, wakati wa misa, mmoja wao aliingia kwa Mama Pélagie, mjane mshonaji, akamkuta amelala na malaria. Alimvunja mkono, akaondoka na cherehani iliyokuwa inalisha watoto wake.

Mkuu wa biro alisema nini? Kwamba mama huyo hakufunga mlango vizuri!

“Minye nilifunga, Papa,” Mama Pélagie alimwambia Papa Sévère huku analia. “Lakini mwizi iko na ufunguo sawa na yangu.”

Hasira ya siku ile bado ninayo kifuani, na sioni haya kuiandika kwenye karatasi ya sherehe.

Papa Sévère aliokota mbao za mitumbwi iliyochakaa, akachonga makomeo ya ndani na kuyapigilia nyumba kwa nyumba, akianzia kwa Mama Pélagie. Biro ikamsimamisha kwa kutoboa milango ya serikali. Kumbe mlango una thamani kuliko mkono wa mjane! Alipoitwa ajieleze, hakusema mengi: “Minye niko nachunga bantu. Mulango iko mbao tu.”

Na wiki zile mbili hakukaa bure. Aliwaomba akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni wahamishie mikeka yao mbele ya mlango wa Firmin. Wakakaa hapo kutwa nzima, wakigeuza ndagala na kufukuza kunguru. Kijana anayekuja kununua bangi sasa alilazimika kuruka ndagala za mama yake mzazi na kumsalimia shangazi yake. “Weye mutoto ya Cyprien, uko natafuta nini kwa Firmin?” Kijana hutafuta nini tena hapo? Alisaidia kufukuza kunguru, akarudi kwao.

Firmin alishtaki kuhusu harufu. Biro, ambayo pua yake haikuwahi kusikia moshi wa bangi, ilisikia ndagala siku hiyohiyo, ikaamuru mikeka iondolewe. Akina mama waliitikia vizuri, wakaiondoa, wakaleta mingine. Kabla ya mvua kuanza Firmin alihama.

Uasi ulipoingia Uvira mwaka 1964, wakuu wetu walivuka kwenda Bujumbura. Siwalaumu kwa kuogopa. Papa Sévère aliogopa pia, lakini alibaki. Wenye bunduki waliokuwa wamelewa bangi walijaribu milango yetu kwa ufunguo uleule, na makomeo yakashika. Hivyo ndivyo tulivyopona. Wakuu waliporudi, agizo lao la kwanza lilikuwa makomeo yang’olewe! Hakung’oa hata moja.

Sasa kuna jambo linalotuchoma. Kanuni inamtaka mstaafu airudishe nyumba kama alivyoipokea, na biro imeshikilia kwamba komeo la mlango wake, angalau hilo, litoke. Atakayehamia ni Célestine, muuguzi, mwenye mtoto anayenyonya. Jana Papa Sévère alikabidhi nyumba. Alitoa kitanda, picha za ukutani, hata msumari wa kutundikia kofia. Komeo aliliacha pale pale, akalipaka mawese ili liteleze vizuri. Atakayelitaka akamwombe Célestine.

Papa Sévère, asante kwa kila usiku tuliolala. Huko Makobola uvune mihogo mingi, uzeeke polepole, na asikuamshe mtu asiyepiga hodi. Zawadi yetu kwa nyumba yako mpya ni kufuli. Funguo zake ni mbili, na zote tunakupa wewe. Biro haina.