Sauti ya Tharcisse Iko kwa Nani

Benchi ni ya commune, ya serikali ya mtaa, lakini thermos ni yangu, na ndiyo maana naweza kuwafukuza wote saa ninayotaka. Iko mbele ya duka langu, mtaa wa nyuma ya stesheni ya treni, Gare du Nord, pale wafanyakazi wa zile tours, maghorofa ya ofisi, wanapopita mbio na kravati zao bila hata bonjour. Mimi ni Régine, wa Likasi. Duka nililinunua en deux mille treize. Hawa wanaume niliwakuta, sikuulizwa. Mkubwa wao ni Tonton Kalenga, ndiyo maana wanamwita Président, anafanya ménage, usafi, kwenye hizo tours. Papa Séraphin tunamwita Ministre kwa sababu ya suti, na kwa sababu hakuna jambo la dunia ambalo hakuwahi kuitiwa mkutano wake. Nuru, Murundi wa Buyenzi, ni Météo: bila kutaja hali ya hewa hafungui mdomo. Na Chande, Mtanzania wa taksi, ni Google, simu haimtoki mkononi. Jeudi ile ya octobre, deux mille dix-sept, baridi ilikuwa inauma masikio, na wote wanne walikuwa na kesi moja tu.

Kesi yenyewe ni hii. Samedi, keshokutwa yake, ilikuwa iwe retrait de deuil, kumaliza matanga, ya Tharcisse, mdogo wake Kalenga, kwenye salle moja ya Koekelberg. Mimi sikumjua. Alikalia benchi hii hii mpaka en deux mille huit, miaka mitano kabla sijanunua duka, alipopata loterie ya viza ya Amerika akaenda mji mdogo wenye kiwanda cha nyama ya dindon, bata mzinga. Alikuwa muntu wa haya, akiona kamera anajificha. Kwenye picha za harusi unamwona sikio tu. Mara moja katika maisha yake, en deux mille douze, miaka minne baadaye, televisheni ya mji ule ilimpiga picha akisema. Akawatumia wote wa benchi link waangalie. Mwaka jana moyo ukasimama, wakamzika kule kule, na Kalenga akanyimwa viza. Sasa familia inatoka Liège, inatoka Charleroi, ekra ya kuonyeshea imeshakodiwa, na Kalenga amewaahidi watamwona Tharcisse anasema. Lakini ile link ukiifungua, hakuna kitu.

— Wenye ile télé wamejibu? nikamuuliza Kalenga, namtilia kahawa.

— Banajibu, maman. Banasema, siye tuko bapya, mambo ya zamani ulizia ba zamani. Nikaandikia ba zamani. Banasema, siye tuliuza yote, ulizia bapya.

— Voilà! Ministre akadakia. Bazee balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Papa Séraphin, hiyo methali inaingilia wapi hapo?

— Inaingia, maman. Mgeni ananunua télé, mwenyeji anapona madeni yake.

Nikamwacha. Asubuhi mapema huwezi kupigana na Ministre, utachoka kabla ya wateja kufika.

— Ngojeni, wazee, Google akasema, kidole kwenye simu. Nimeisoma historia yao yote. Kampuni inaitwa Dunmere. Ilianza na mzee mmoja, fundi wa redio. Miaka ya hamsini akafungua stesheni moja ya TV. Watu wa mji ule hawakuwa na TV, basi akawauzia na TV zenyewe.

— Muntu wa akili, Kalenga akasema.

— Akafariki. Watoto wakanunua stesheni ya mji wa jirani, halafu ya jirani wa jirani. Kufika mwaka elfu mbili walikuwa nazo kama arobaini, nchi nzima.

— Quarante! Ministre akashika kichwa. Na siye hapa kijiwe moja inatushinda kufagia!

— Ya Tharcisse ilikuwa mojawapo. Halafu wajukuu wakagombana, wakauza kwa matajiri wa New York. Hao nao wakagawa, nusu wakampa huyu, nusu wakabadilishana na yule.

Météo akatazama juu kwanza. — Mvua itakuja saa sita, mutaona. Lakini serikali ya kule ilikuwa inaangalia tu? Muntu mmoja anakamata televisheni zote hizo?

— Ipo sheria, Google akasema. Mji mmoja, huruhusiwi kumiliki stesheni mbili kubwa. Sasa wao walifanyaje? Ile ya pili wakaiandikisha kwa kampuni nyingine, jina jingine. Jengo lile lile, kamera ile ile, mtangazaji yule yule anabadilisha koti tu.

— Prête-nom! Ministre akapiga paja mpaka kahawa ikamwagika kwenye benchi. Ile tunaijua! Kwetu carrière, machimbo, iko ya mukubwa, lakini ku papier iko ya shemeji yake. Kumbe Amerika nayo ni Kolwezi!

Tulicheka wote. Kalenga naye alicheka, halafu akakumbuka, akaangalia chini. Nilimhurumia. Siku nne hizo alikuwa anatoka kazini na ndoo yake haijakauka, anakuja kuuliza kama Google amepata kitu.

— Alors, sauti ya mutoto wetu iko kwa nani? akauliza. Kwa mzee wa redio? Kwa bajukuu? Kwa shemeji?

— Haikupotea, Ministre akasema, akashusha sauti. Wameficha. Mi nakuambia, hizi télé hawanunui juu ya matangazo. Wananunua juu ya sura. Wanakusanya sura za batu bapya, nani aliingia, nani alisema nini. Siku ingine banakuonyesha: weye ni huyu.

— Na wanaziweka mu mlima, Météo akaongeza. Binamu wangu alisema. Kuna mlima kule wamechimba, ndani ni kavu, haina mvua, haina umande. Kaseti zote za Amerika ziko mule.

— Mu mlima? Kalenga akamgeukia.

— Na musikari mulangoni, Ministre akathibitisha, kama vile yeye ndiye aliyemweka. Paka akiondoka panya hutawala. Ndiyo maana paka haondoki.

— Wazee, wazee. Google akainua simu. Ukweli ni huu hapa, mwaka huu huu. Wameuza hewa.

— Hewa gani?

— Hewa. Ile njia ya kurushia matangazo. Serikali yao ilifanya mnada, mwenye stesheni akikubali kuondoka hewani analipwa, nafasi wanapewa watu wa simu. Wenye stesheni ya Tharcisse walikubali. Wamezima.

— Chande, hapo umevuka, Ministre akasema, amekasirika kweli. Mulima, ndiyo. Lakini muntu kuuza hewa? Weka simu mfukoni, itakuharibu.

Ona mambo. Mlima na askari wake waliupokea kwa mikono miwili. Jambo lililoandikwa pale kwenye simu, kila mtu analiona, wakalikataa. Kalenga peke yake hakulikataa.

— Kama balizima, akasema polepole, sauti inaenda wapi?

Météo akamshika bega.

— Usilie, Président. Alionekana muzuri mule. Ile blouse yake nyeupe ya kiwanda...

— Blouse? Ministre akashangaa. Alikuwa na costume, suti kamili. Bleu.

— Mbele ya kiwanda, na costume?

— Kwani si ilikuwa kanisani? Google akauliza.

Niliwaangalia. Nikajiambia, wanaume hawa, hata nguo za wake zao hawazioni. Nikaendelea kupanga ndizi zangu.

Ndipo akaja Fahad, mpwa wake Météo, anayepiga video za harusi kule Etterbeek. Mjomba wake alikuwa amemwita. Alikuwa na ordinateur kwapani, pua nyekundu ya baridi, akasalimia kila mmoja kwa mkono kama mtoto aliyelelewa, naye akamwambia Kalenga: pole, tonton, kwa msiba. Nikampa kahawa ya mwisho ya thermos. Akafungua kompyuta yake magotini.

— Msikate tamaa, akasema. Kuna watu kazi yao ni kurekodi televisheni za kule na kuziweka, hata kama stesheni imekufa. Shida ni kwamba ni nyingi mno. Na jina la marehemu Waamerika watakuwa wameliandika wanavyojua wao, halitatusaidia. Mashine inatafuta kwa maneno yaliyosemwa. Donc munipatie sentensi moja tu. Alisema nini?

Niliacha ndizi.

Ministre akarekebisha kravati yake. Météo akatazama mbingu, akafungua mdomo, mvua haikutoka wala jua. Google akatazama simu yake, na simu ilikuwa imezimika.

— Neno moja, wazee, Fahad akasema. Muliangalia, sivyo?

— Mi nilimujibu bravo, Ministre akasema. Nilikuwa safarini... Nilisema Nuru atanielezea.

— Mimi nilijua Chande ameona, Météo akasema.

Chande alikunja kofia yake, akaikunjua. Mimi nilitaka kuwatukana, maneno nilikuwa nayo tayari, mazuri, ya Likasi. Halafu nikamwona Kalenga, yakanikauka.

— Ile link ilifika dimanche, Kalenga akasema. Nilikuwa nimechoka. Nikamwandikia: nimeona, petit, bravo. Nilisema nitaangalia kesho. Kesho ile...

— Hata wewe, tonton?

— Nilijua iko. Kitu kikiwa pale, unasema kitangoja. Samedi ndiyo nilikuwa nitaiona mara ya kwanza, mbele ya batu bote, na hakuna angejua.

Kalenga alikuwa analia wazi, bila kujifuta, na Ministre alikuwa amemvulia koti lake la suti akamfunika nalo mabegani, yeye mwenyewe anatetemeka na shati.

— Yeye alinipigia, Kalenga akasema. Wiki ile ile. Akaniuliza: Yaya, mkubwa wangu, ulisikia vile nilikutaja?

Fahad alikuwa bado ameweka vidole kwenye mashine. — Alikutaja vipi?

— Sijui, mutoto wangu. Kama alinishukuru, kama alinishitaki, sijui. Mi ndiye nilimukataza kwenda.

— Na ukamjibu nini?

— Nilimuambia: ndiyo, nimesikia yote.

— Na yeye?

— Akafurahi, Kalenga akasema. Alifurahi sana.