Klementina Luhaga na Makopo ya Dirishani

Tunawaomba radhi wasomaji wa jarida hili kwa ukimya wa miezi kumi na minne. Mashine ya kuchapia iliharibika, kisha karatasi zikakosekana, na baadaye hatukujua kama kiwanda chetu cha kuchambua pamba kingeendelea kuwapo. Tumerudi kwa sababu lipo jambo lisiloweza kungoja. Jumamosi, tarehe 31 Oktoba 1998, Bi. Klementina Luhaga, Mkuu wa Ghala la Mbegu, anastaafu. Aliajiriwa tarehe 4 Novemba 1963. Ametumikia miaka thelathini na mitano pungufu ya siku tatu, na ameomba aruhusiwe kuzifanya siku hizo tatu bila malipo. Ofisi imekataa. Hajasema kama atatii.

Bi. Klementina alizaliwa Sola, Maswa, mwaka 1943. Wazazi wake walifariki mapema, akalelewa na bibi yake, Kwandu, pamoja na mdogo wake, Fredrick. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mavuno yaliharibika na bibi akaugua. Mbegu za mtama za msimu uliofuata zilikuwa zimetundikwa juu ya mafiga ili moshi uzikinge na wadudu. Klementina alipanda juu ya kinu, akalifungua furushi, akatwanga, akapika uji. Walikula kwa siku sita. Siku ya nane mvua ilinyesha. Majirani walikwenda shambani kupanda, wao watatu wakabaki mlangoni wakiwatazama.

Bibi hakumkaripia. Alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "Umemlisha mdogo wako, mayu. Hapo huna kosa. Lakini shamba halitajua."

Katekista wa kigango chao, Mzee Thomasi, aliwapa vibaba viwili vya mbegu. Mavuno yalipopatikana, alimwita Klementina amsaidie kuchagua mbegu za shamba la kanisa, na katika kazi hiyo akamfundisha kusoma. Bi. Klementina amekwisha kusema mara nyingi kwamba imani yake ilianzia kwenye ungo.

Alipomaliza darasa la nane katika shule ya misheni, aliajiriwa hapa akiwa mchagua mbegu. Mwaka 1971 alikuwa msimamizi, na mwaka 1979 akakabidhiwa ghala zima na wapagazi thelathini, wote wanaume. Wawili walitangaza kwamba hawataamrishwa na mwanamke. Hakubishana nao. Aliwakaribisha kwenye sala ya asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, kisha akawapangia magunia yao. Sala hiyo haikuzidi dakika moja kwa sababu, alivyosema, Mungu naye ana kazi. Wasiosali walisimama kando, na hakuna aliyeulizwa sababu. Mmoja wa wale wawili, Luhaga asiye ndugu yake, ndiye leo mnyapara wake.

Kuhusu makopo, wageni huuliza kwanza. Kila rundo la mbegu za kupanda lina kopo lake dirishani, lenye mbegu kumi na namba ya rundo. Mbegu zisipoota vizuri, au miche ikinyauka, rundo halitoki. Mkaguzi mmoja aliwahi kudondosha majivu ya sigara ndani ya kopo. Alikabidhiwa kopo hilo aende nalo Mwanza, na baada ya wiki mbili akaandika barua rasmi kwamba mbegu nane zimeota.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mwaka 1994, malori yalianza kuleta pamba kutoka kila upande. Zamani pamba ya eneo lenye mnyauko haikuruhusiwa kuchanganywa na ya eneo safi, maana ugonjwa huo hubebwa na mbegu na hukaa ardhini miaka mingi. Mwaka 1996 mfanyabiashara mmoja alileta pamba ndani ya magunia yenye chapa ya Dutwa, eneo safi. Bi. Klementina aliiamini chapa, akaipokea. Kumbe magunia yalikuwa yamenunuliwa matupu. Mbegu ziliingia katika marundo manne, na Novemba miche ya makopo manne ikanyauka.

Alilifunga ghala, akaweka ufunguo kiunoni. Meneja wa wakati huo, Bw. Gilbert Mboje, alimfuata mlangoni mbele ya wapagazi.

"Mayu, mvua haingoji ibada!"

"Ibada imekwisha saa moja, baba. Sasa nafanya kazi."

"Wakulima watakuja kunichoma moto mimi!"

"Waelekeze kwangu. Nyumba yangu waijua, ni ile ya bati jekundu."

Kamati ya kiwanda ilipiga kura ghala lifunguliwe. Mwandishi wa maneno haya aliunga mkono, na anaandika hapa kwamba alikosea. Bi. Klementina hakutoa ufunguo. Marundo manne yalipelekwa kukamuliwa mafuta. Yeye alikwenda Dutwa kwa baiskeli kuwaambia wakulima kwamba nusu yao hawatapata mbegu kwa wakati, na kwamba kosa ni lake.

Aliwasalimu, "Mwangaluka!" Hakuna aliyeitikia. Kwa Wasukuma, hilo si jambo dogo. Mjane mmoja, Evalina, alisimama akasema, "Wewe mwenye sala za kila asubuhi, watoto wangu watakula sala?"

Bi. Klementina alimwuliza nyumba yake ilipo. Kesho yake mbegu za shamba lake mwenyewe, ekari nne, zilifika nyumbani kwa Evalina. Kisha alipanda lori, akazunguka viwanda vya jirani siku tatu, akarudi na mbegu safi za kuwatosha waliobaki, ingawa walichelewa kupanda. Mwaka huo yeye alilima choroko. Mashamba ya Dutwa hayajapata mnyauko hadi leo, na Evalina ndiye mwenyekiti wa kamati ya kumwandalia sherehe.

Tunamshukuru Bi. Klementina kwa kutulinda hata tulipomkatalia. Anarudi Sola, kwa mdogo wake Fredrick. Mungu ampe afya, majirani wema na mvua ya wakati.

Jambo moja bado halijaamuliwa. Bodi itakutana mwezi ujao kuamua kama ghala la mbegu litabaki, au litakodishwa kwa wanunuzi na mbegu zote ziende kwenye mafuta. Bi. Klementina ameuliza mara mbili. Juzi amepanda makopo kumi na mawili ya msimu huu, akamkabidhi mnyapara birika la kumwagilia. Siku bodi itakapoamua, tutamwandikia barua kwa posta ya Maswa, vyovyote uamuzi utakavyokuwa, na katika barua hiyohiyo tutamweleza, kopo kwa kopo, mbegu ngapi zimeota.