Mlango wa Lazaro

Juu ya Noah yetu, gari la abiria la kwenda Endamarariek, ulifungwa kwa kamba mlango wa mbao. Mwenye nyumba, Mama Clemensi, alikuwa ameung'oa asubuhi hiyo kwenye chumba cha mpangaji wake, Lazaro, ili ahame. Sasa alikuwa anaupeleka kuuficha kwa dada yake. Lazaro naye alipanda gari hilohilo, akakaa pembeni yake.

"Mama, sheria inataka unipe notisi," alisema.

"Si nilikuambia tangu Pasaka? Clemensi anaoa. Bibi harusi alale jikoni?"

"Uliniambia huku unacheka."

"Basi leo nimeng'oa bila kucheka."

Nimemaliza kusoma sheria mwaka huu, na bado naamini inaweza kumlinda mtu kama Lazaro. Nikainama mbele nikamweleza Mama Clemensi kwamba mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama.

"Nani kamtoa?" akashangaa. "Chumba kiko wazi kabisa, aingie hata saa hii!"

Gari zima likacheka. Mimi nilijizuia, kwa heshima ya mahakama.

Tulipofika kwa dada yake, Noah ikasimama. Lazaro akapanda juu, akafungua kamba, akajitwika mlango kichwani.

"Asante, baba. Uweke pale uani," alisema Mama Clemensi.

"Nauweka ndani, mama. Mlango wangu unapolala, nami nalala hapohapo. Dada yako kapika nini?"

Akatangulia getini. Mama Clemensi akanigeukia haraka.

"Wewe wa sheria! Mtu kama huyu anatolewaje?"