Nafasi Kwenye Benchi la Keza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mutsinzi, mwalimu wa nidhamu, aliyezikwa wiki hii hapa Kigali. Alilelewa Tanzania, akafundisha shule ya bweni kule Kagugu. Mwalimu wa nidhamu, tena mkali kwelikweli.

Mutsinzi alikuwa na utaratibu wake. Katika kila bweni alichagua mwanafunzi mmoja wa kumpasha habari kwa siri: nani katoroka, nani kaficha simu. Wanafunzi walimwita mtu huyo "sikio". Sikio ni nani, hawakujua. Naye Mutsinzi akatamba kwamba shule imetulia, kumbe watoto walikuwa wanaogopana tu.

Kisha binti yake, Keza, akajiunga na shule ile ile. Wenzake wakaamua sikio ni yeye. Nani mwingine, kama si mtoto wa mwalimu? Akiingia bwaloni na sahani yake, wasichana walijitandaza kwenye benchi asipate pa kukaa. Keza hakuwa sikio. Baba yake alilijua hilo, aliliona lile benchi, akanyamaza. Angemtetea, angelazimika kuuvunja utaratibu wake.

Siku moja Keza akaanguka bwaloni. Kidole tumbo. Alikuwa ameyavumilia maumivu bila kumwambia mtu. Hospitalini baba akamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nimuambie nani, Papa?" Keza akajibu. "Kule shule hakuna mutu anaamini mwenzake. Na ni wewe ulitufundisha hivyo."

Mke wa Mutsinzi, Mama Winifred, ametuambia: "Alirudi nyumbani amenywea kama mtu aliyemwagiwa maji. Aliona haya hata kututazama."

Jumatatu iliyofuata Mutsinzi alisimama mbele ya shule nzima. Akatangaza kwamba masikio yamekwisha, akaomba radhi. Watoto wakadhani ni mtego. Mpaka ugonjwa wa moyo ulipomchukua, wasikilizaji, bado walidhani ni mtego. Aibu hiyo amekwenda nayo.

Juzi kwenye ikiriyo, watu wakikaa na wafiwa nyumbani Busanza, msichana wa bweni lake, aitwaye Liliane, alimwendea Keza akilia.

"Sikio ilikuwa mimi," akasema. "Niliogopa baba yako. Halafu nikaogopa na wewe."

Keza akajisogeza kwenye benchi alilokalia, akampa nafasi.

Mama Winifred, Keza, poleni sana kutoka kwetu sote. Nasi wazazi na walimu tujiulize: mtoto wetu akiumwa leo, atamwambia nani? Tangu siku ile hospitalini, Mutsinzi alitamani sana kuwaona watoto wakipeana nafasi kwenye benchi. Imepatikana yeye akiwa tayari kaburini.