Mzee Subiri Anatoka Chumba cha Sinema

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, fundi wa chumba cha sinema katika idara yetu ya filamu, habari na utamaduni wa kisasa atavua koti lake la kijivu na kustaafu. Ametumika miaka thelathini na moja. Wahadhiri wawili walishamwandikia sifa kurasa nne. Alizisoma, akauliza huyo anayesemwa ni nani, kisha akaniletea mimi kalamu. Mimi nafagia idara hii, huu mwaka wa ishirini na tatu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayeona kosa alisahihishe kimyakimya.

Wanafunzi wanamwita Mzee Subiri. Filamu ikiisha na majina yakianza kupanda ukutani, yeye husimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, na hatoki mtu. Aliyeshona nguo, aliyebeba taa, aliyewapikia waigizaji, wote wasomwe kwanza. Ukimwambia una kipindi kingine, hukujibu, "Subiri, mwanangu, hao nao walichelewa kurudi kwao." Mkuu wa idara wa sasa alizuiwa hapo hapo siku yake ya kwanza kazini. Akasubiri.

Nilipoanza kazi nilidhani hapa watu wanasomea uvivu. Vijana wenye nguvu zao wanakaa gizani saa mbili, wakitoka wanabishana kwa nini mwanamke fulani alifungua dirisha, na ubani waliotafuna wameubandika chini ya viti niubandue mimi. Kuna binti aliandika kurasa thelathini juu ya tangazo la sabuni! Sabuni naijua mimi. Angekuja kuniuliza.

Sasa nieleze jambo ambalo wahadhiri hawakuliandika, maana hawalijui.

Mwezi wangu wa pili kazini ililetwa filamu ya zamani ya mkanda, imegawanywa katika makopo matano. Fundi aliandika namba kwa chaki juu ya kila kopo. Mimi nikaona uchafu. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta yote, nikayapanga vizuri na kujisifu. Kesho yake alikuwepo profesa mgeni, na chumba kimejaa. Fundi akaweka makopo kama alivyoyakuta. Mtu kwenye filamu akazikwa; dakika ishirini baadaye yuko mezani anakula. Profesa akasimama akasifu saa nzima ujasiri wa kuchanganya nyakati, na wanafunzi wakaandika kila neno. Kwa elimu yote iliyokuwa mle ndani, hakuna aliyeshtuka.

Fundi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alikuja mbele ya watu wote akasema amekosea, kopo la nne limetangulia la tatu. Profesa akakaa chini kama aliyemeza mfupa. Mkuu wa idara wa wakati ule aliaibika, akamwita ofisini, akamuuliza mtu wa miaka minane kazini anachanganyaje makopo. Akajibu ni haraka zake. Wakampa barua ya onyo, na kwa barua hiyo alinyimwa cheo cha fundi mkuu mara mbili.

Kitambaa alikiona. Kwangu alisema tu, "Mama, makopo yameng'aa," akaenda kutafuta rangi ya mafuta ya kuandikia namba. Wiki ile ile alinikalisha kiti cha nyuma akanionyesha picha tatu: mtoto anacheka, sahani imevunjika, mama analia. Nikasikitika. Akazipanga upya: sahani imevunjika, mama analia, mtoto anacheka. Nikataka kumchapa yule mtoto. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu nini, na vijana hawa wanasomea nini.

Wakati ule niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, na mjukuu mchanga yuko nyumbani. Baadaye woga uliisha, nikanyamaza kwa aibu tu. Hilo ni baya zaidi, na mimi ninayewafokea wengine kila siku nilipaswa kujifokea mwenyewe.

Jana nilipanda ofisini kwa mkuu wa idara nikasema makopo niliyafuta mimi. Akatoa faili, akaandika maneno yangu chini ya barua ile, nikatia sahihi. Cheo hakirudi tena, amesema, lakini cheti cha utumishi kitatoka hakina doa. Fundi alipopata habari alinuna, akaniita mbea. Anune. Ana muda mwingi wa kununa kuanzia Jumatatu.

Asante, fundi, kwa niaba ya idara nzima, kuanzia maprofesa hadi sisi wa ndoo. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wa kukuchosha kidogo. Nenda nyumbani ukiwa mwepesi. Kosa lile umelibeba vya kutosha, nimelichukua mwenyewe.