Daktari wa Magoti ya Farasi

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni dada mdogo wa marehemu, yule aliyeniita Mdomo tangu utoto, na familia imenikabidhi karatasi hii kwa sharti kwamba nisiongeze neno, sharti ambalo, mnanijua, nitalivunja.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba iliyopakana ukuta na karakana ya baba, mhunzi aliyefunga farasi viatu, na kabla hajajua kusoma alikuwa akifumba macho, akisikiliza kwato zinazopita barabarani, na kusema yupi anachechemea na kwa mguu gani. Alisoma shule ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu udaktari wa mifugo, mama akalia kwa furaha, baba akauliza kama sasa ataanza kujifunza kazi.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika hospitali ya wanyama, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2018, na ugonjwa uliomkosesha usingizi ni ule wa kusagika kwa viungo, gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, linapolika hata mfupa ukasugua mfupa.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986 na wifi yangu huyu aliyeketi mbele, mwalimu wa kupanda farasi, wakajaliwa mabinti wawili, pamoja na farasi jike wa kijivu, Malkia, ambaye wifi alimpenda kuliko mawifi zake wote.

Goti la mbele kulia la Malkia lilipoharibika mwaka 2015, wote tulishauri auawe asiteseke, wifi akakubali huku akilia, lakini kaka akaomba apewe nafasi, akamtoa Malkia damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka sehemu yenye kusaidia uponyaji ikajitenga, akaidunga ndani ya goti. Alituonya mapema kwamba gegedu lililoisha halirudi, kwamba wengine dawa hii huwakubali na wengine huwakataa, na kwamba sindano ni nusu ya dawa, nusu ya pili ni pumziko.

Basi Malkia akaanza kutembea vizuri, wifi akashindwa kujizuia, akamwekea tandiko, akampanda, na haraka haraka haina baraka, goti likavimba kuliko mwanzo. Jamani, tulidhani ndoa imekwisha! Kaka alisema tu, "Kutosikia maumivu siyo kupona, mke wangu," akarudia sindano, akaficha ufunguo wa chumba cha matandiko, Malkia akapumzishwa hadi majira yakageuka, akapona kwa kiasi chake.

Magoti ya kaka nayo yakachakaa, lakini mganga hajigangi, tulipomwambia akae alijibu kesho. Mwishoni mwa mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, daktari akamwagiza alale, tukamkuta zizini.

Jioni yake ya mwisho wifi alifungua dirisha, binti mkubwa akampitisha Malkia kwenye uwanja wa mawe, kaka akafumba macho, nasi tukangoja aseme Malkia amepona kabisa, walau kutufariji. Akasema, "Mbele kulia, bado kidogo," akatabasamu. Alituacha kesho yake asubuhi, tarehe 2 Mei, na mimi sijui nitamtania nani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia harufu ya zizi, wafanyakazi wenzake, na wenye farasi waliokubali kuambiwa ukweli.

Kaka, uliwaagiza wote wapumzike isipokuwa wewe mwenyewe. Sindano umeshamaliza, imebaki ile nusu ya pili. Pumzika kwa amani.